Pikipiki Iliyonuka Mandazi

Mtu akikuletea pikipiki na kukuambia imekufa, usimwamini. Pikipiki haifi ovyo. Inanuna, inagoma, inalewa petroli mbaya, inakohoa vumbi jekundu, lakini kufa ni jambo jingine kabisa. Mwulize kwanza ilikuwa inatoka wapi, nani alikuwa amepanda, amebeba nini. Ninyi vijana mkiletewa mgonjwa mnakimbilia kufungua tu. Mara spana namba kumi huku, mara koleo kule, injini iko chini kwenye gunia na mwenyewe hajamaliza hata kusalimia.

Mimi ni Kalenga. Hapa Lubumbashi wananiita Tata Kalenga wa Nyundo, kwa sababu maisha yangu yote nimetengeneza pikipiki za aina hiyo kuliko nyingine zote. Nimestaafu. Garaji nimemwachia Solange, binti niliyemfundisha kazi tangu alipotoka shule ya ufundi, na sasa yeye ndiye mkubwa pale. Ananifukuza kila siku. "Tata, rudia ku nyumba, mama anakungoja na chai." Narudi. Kesho yake niko tena kwenye kiti changu cha plastiki, naangalia wanavyokaza bolti na kuwakosoa. Hiyo ndiyo pensheni yangu, na nimeridhika nayo.

Nyundo ni jina letu sisi. Jina la kiwanda lilikuwa refu, la Kizungu, na kwenye tangi la petroli walikuwa wamechora nyundo ya dhahabu juu ya rangi ya kijani. Watu wakaona nyundo, wakaita Nyundo, basi. Silinda moja, taa moja ya duara, kiti cha ngozi, na mlio ambao huwezi kuukosea: du, du, du, du, bila haraka, kama mama anayetwanga sombe, majani ya mihogo.

Mwalimu wangu, Tata Anaclet, ndiye aliyenieleza kwa nini inalia vile. Baba yake alikuwa fundi wa reli, naye alikulia katikati ya vichwa vya treni, kwa hiyo kila mashine aliitafutia ukoo wake kwanza, kuanzia baba mpaka babu. "Mashine iko na baba yake, iko na nkambo yake," alikuwa anasema. "Hauwezi kuitunza kama haujue kwabo." Basi kwao Nyundo, kumbe, ni kwenye pampu za maji! Kile kiwanda kilianza kwa kutengeneza injini za kuvuta maji mashambani na migodini. Injini ya pampu haikimbii. Inawashwa asubuhi, inaachwa, inavuta maji mpaka jioni, na anayeichunga ni mkulima ambaye hana hata bisibisi. Kwa hiyo waliiwekea ndani gurudumu zito la chuma, lile sisi mafundi tunaliita volani, linaloendelea kuzunguka kwa uzito wake hata injini ikichoka. Wakaipa pistoni inayopanda na kushuka safari ndefu, polepole, na njia pana za oili. Walipoamua kuitia magurudumu mawili na usukani, tabia yake hawakuibadili. Ndiyo maana Nyundo ilipanda mlima na mtu, mke wake, gunia la mkaa na mbuzi, bila kushusha gia. Tata Anaclet ndiye aliyesema hivyo, na huyo mbuzi mimi nimemwona kwa macho yangu.

Kuiwasha ndilo lilikuwa somo la kwanza. Usiipige teke kama unafukuza mbwa. Unasukuma pedali ya kuwashia kwa mguu, polepole, mpaka inakataa. Hapo pistoni imepanda na kubana hewa. Unavuta kile kishikio kidogo upande wa mkono wa kushoto kinachoachia pumzi, unasogeza pedali kidogo tu, unaachia kishikio, unairudisha pedali juu, kisha unashuka na uzito wako wote bila hasira. Inawaka. Ukiwa na haraka, inakurudishia.

Tulikuwa na mteja mmoja, Tata Tshibangu, muuza vitambaa, mtu wa viatu vya kung'aa. Huyo hakutaka kufundishwa. "Pikipiki iko yangu, muguu iko yangu," akasema, akainua mguu, akapiga. Nyundo ikamrudishia teke lake lote. Kiatu kiliruka mpaka juu ya mabati ya jirani, naye akabaki amekaa chini, mguu mmoja hauna kiatu, akitutazama kama sisi ndio tuliompiga. Tata Anaclet hakucheka. Alileta ngazi, akateremsha kiatu, akakifuta vumbi, akamvalisha mwenyewe, kisha akamwambia kwa heshima zote, "Papa, tuanze tena, polepole." Mimi nilikuwa nimeshakimbilia nyuma ya nyumba, nimeshika mbavu. Huo ndio ustaarabu wa kazi, vijana. Mteja akianguka, nenda kachekee nyuma ya nyumba.

Wala msifikiri mimi ni mtu wa kulilia zamani. Zamani, kupima nafasi ya platini, vile vijichuma vinavyoachana ili buji itoe cheche, tulitumia karatasi ya sigara. Tata Anaclet hakuvuta sigara maisha yake yote, lakini mifuko yake ilijaa karatasi za sigara, na mke wake aliamini mpaka uzeeni kwamba anavuta kwa siri. Alimnusa kila jioni mlangoni kabla ya kumpa bukari, ugali wetu. Leo Solange anachomeka waya, anaangalia simu, na pikipiki inamwambia yenyewe inaumwa wapi. Tungekuwa na kile kitu siku zile, mwalimu wangu angekula kwa amani.

Kiwanda kile cha Ulaya kilifunga. Pikipiki nyepesi za bei rahisi zikajaa mjini, Nyundo zikabaki kwa wazee wabishi. Kisha tukasikia watu wa Asia wamenunua jina, michoro na ile nyundo ya dhahabu, na wanatengeneza tena: pikipiki mpya yenye sura ya zamani. Ya kwanza ilipofika Lubumbashi nilienda kuitazama dukani, mikono mgongoni, uso nimeukunja. Taa ya duara, sawa. Tangi la kijani, sawa. Lakini inawashwa kwa kidole! Kabureta hakuna, petroli inapulizwa na kompyuta. Nikamwambia Solange, "Hii si Nyundo. Hii iko redio banavalisha koti ya nkambo."

Aliyenitia adabu ni injini yenyewe. Mojawapo ya hizo mpya ilipata ajali, tukaifungua yote garajini, na nilipoingiza mikono kuinua volani, mikono ikashuka. Nzito! Nikapima safari ya pistoni: ndefu. Njia za oili: pana. Jamani, wangeweza kuweka injini yoyote chini ya lile tangi, na sisi wote tungedanganyika na rangi. Hawakufanya hivyo. Kuna mtu kule mbali, ambaye sitamwona kamwe, alikaa na ile michoro ya pampu akasema hapa hatugusi. Nilifurahi mpaka Solange akaniuliza kama naumwa.

Basi niwape sasa habari ya Mama Honorine, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Mama Honorine ni mkunga kule Annexe, upande wa mashamba, ambako nyumba zimetawanyika kati ya vichuguu na barabara zinaishia porini. Mume wake marehemu, Tata Étienne, alikuwa mchimbaji Kipushi, na alimwachia Nyundo ya zamani. Mama akaipanda kwenda kuzalisha. Watoto wa kule, wengi wao walizaliwa baada ya ule mlio kufika mlangoni. Wanawake wenye uchungu walikuwa wakisikia du, du, du kwa mbali wanaanza kutulia. Fremu ya ile ya zamani ilipokatika na kukataa kuchomelewa tena, watoto wake walichanga wakamnunulia mpya, ya kijani vilevile. Siku ile alilia. Alilipapasa lile tangi kama shavu la mtoto.

Lakini ile mpya ikaanza kumsumbua. Asubuhi nyumbani inawaka vizuri. Akifika katikati ya barabara ya Kipushi, injini ikishapata moto, inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Na barabara ile mnaijua, malori ya madini hayamsubiri mtu. Akiileta garajini, haina kitu. Solange anaizungusha mji mzima, inakwenda bila kukohoa hata kidogo. Akimrudishia, siku chache tu, yaleyale.

Mwanawe wa kwanza, Crispin, ni mhandisi katika kampuni moja ya madini na ana nyumba nzuri Karavia. Msimfikirie vibaya. Siku moja alikuwa anatoka kazini akamkuta mama yake barabarani, pikipiki imezima, lori limempita karibu mpaka kitenge kimepepea. Alinisimulia mwenyewe. Siku ileile alimwambia mama yake, "Mama, biishe sasa. Dimanche, kisha misa, minakuya. Kama hii pikipiki inazima tena kabla ya ile siku, unanipatia funguo, tunaiuzisha, na weye unakuya kukaa na siye ku Karavia. Chumba yako iko tayari."

Mama Honorine alikuja kwangu nyumbani kwa miguu. Alikataa chai, alikataa hata kukaa. "Tata Kalenga, batanikalisha mbele ya télé. Batanivalisha pantoufle, ndala ya ndani ya nyumba! Na bale bamama ba kule, nani ataenda kubazalisha? Teksi haifike kule. Mi niko mukunga, tata. Bakinikamata pikipiki, afazali banizike." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimhurumia sana. Mimi mwenyewe nimestaafu kwa hiari yangu, nimechagua siku na nimenunua kiti. Yeye walikuwa wanataka kumchagulia siku, na sababu yenyewe ni mashine isiyotaka kusema inaumwa nini.

Pikipiki ilikuwa tena garajini, basi nikamwambia Solange aivue chujio la hewa anionyeshe. Hili la Nyundo mpya ni la karatasi. Alipolitoa, akaninyooshea: limelowa mafuta. Kwenye simu yake mashine ilikuwa imesema jambo moja, hewa haitoshi, na mashine ile haidanganyi. Lakini mafuta yametoka wapi? Injini ikichoka, pete za pistoni zikilika, oili hupulizwa nyuma mpaka kwenye chujio. Ndilo Solange alilokuwa analiogopa.

"Tata, kama ni pete, tunafungula injini yote," akasema. "Na kama ni pete mu injini mupya, basi Crispin iko na haki. Balimuuzishia mama mashine mubaya."

Nikalichukua chujio, nikalinusa. Tata Anaclet alinifundisha kunusa kila kitu: petroli iliyotiwa mafuta ya taa, oili iliyoungua, betri inayochemka. Labda alijifunza kwa mke wake. Nikanusa tena, nikampa Solange.

"Nusa, mwana wangu."

Akanusa. Akaniangalia. Akanusa tena. "Inanuka... beignets?"

Mandazi, kweli! Mandazi ya asubuhi ya pale kwenye kona ya shule. Yalikuwa mafuta ya kupikia, na hakuna injini duniani inayotoa mafuta ya kupikia. Kwa hiyo pete ziko salama; mafuta yametoka nje, na kuna mtu ameyatia. Solange akashika kiuno. "Nani anaweka mafuta ya kukaangia mu pikipiki ya mama ya bantu?" Fundi wa matairi wa jirani, ambaye masikio yake hayana likizo, akadakia, "Bulozi hiyo, tata. Banamuroga mama." Nikamwambia arudi kwenye matairi yake, wachawi wakitaka kuharibu pikipiki hawapotezi mafuta ya mboga.

Sasa sikieni, hili ni la kuweka kichwani. Pikipiki inayougua nyumbani na kupona garajini, usiiite tena garajini. Ifuate kwao. Na usipige simu kwamba unakuja.

Tulimrudishia mama pikipiki yake, na kesho yake asubuhi Solange alinipakia nyuma ya pikipiki yake tukaenda Annexe. Lupango ya Mama Honorine, yaani kiwanja chake na nyumba, ina ua wa mihogo, kuku wengi, na pikipiki imeegeshwa chini ya kibaraza. "Kodi! Kodi kwenu!" tukapiga hodi. Mama alikuwa anafagia. Alifurahi kutuona, akataka kuteleka chai, mpaka aliponiona naelekea kwenye pikipiki na kuinamia kiti nikitaka kukifungua. Ufagio ukaanguka.

"Tata! Tata, ngoja mbele! Usifungule!"

Akaja mbio, mama wa umri ule, akasimama kati yangu na Nyundo, mikono ameitandaza. "Geuka, tata. Angaria kule. Angaria bakuku."

Nikageuka, nikaangalia kuku. Nyuma yangu nikasikia kiti kinafunguka, kitu kinavutwa, kinakwama, kinavutwa tena. Solange hakuwa ameambiwa ageuke. Akapiga yowe moja, kisha akaanza kucheka bila breki. "Tata, iko collant! Iko collant ya mama!"

Hapo nilikaa chini palepale, kati ya kuku. Nilicheka mpaka machozi. Ile ni soksi ndefu ya nailoni, ya wanawake, na mimi nilikuwa nimeisahau kabisa!

Ninyi hamkuwepo, niwaeleze. Nyundo ya zamani ilikuwa na wavu wa chuma tu mbele ya kabureta, na vumbi jekundu la Kipushi lilipita pale kama hakuna kitu. Ndipo wanaume wa Kipushi walipogundua soksi za wake zao. Unailoweka soksi kwenye oili, unaikamua, unaivalisha mdomo wa kuvutia hewa, na vumbi lote linabaki kwenye nailoni. Injini ziliishi zaidi, kweli kabisa. Lakini jambo hili lilikuwa na adabu yake. Ile ni nguo ya ndani ya mke wa mtu. Fundi hawezi kuishika, hawezi hata kuiona. Kwa hiyo mwenye pikipiki aliivua nyumbani kabla ya kuja garajini, na akirudi nyumbani aliivalisha tena. Sisi mafundi tulijua, tukanyamaza. Tulipotaka kujua kama soksi imekwisha, tuliuliza kwa kuzunguka: mama yuko salama, nguo zake ziko salama? Na mteja alijibu bila kutuangalia usoni. Kisha zikaja zile pikipiki nyepesi zenye sponji, soksi zikarudi miguuni, na mambo yakaisha.

Kwa Mama Honorine hayakuisha. Alipata Nyundo ileile, rangi ileile, vumbi lilelile, akaivalisha soksi ileile aliyoiona mumewe akiivalisha miaka yote. Kwa sababu oili sasa inabadilishwa garajini na nyumbani haibaki hata tone, akatumia ya jikoni. Na kila alipoileta kwa Solange, kwa adabu zake zote, aliivua kwanza.

Alikuwa amesimama, soksi ameificha mgongoni, na uso wake haukuwa wa kucheka. "Bwana yangu alikuwa anafanya vile. Miye nilisema ninaichunga. Kumbe ni miye mwenyewe nilikuwa ninaiua?"

Nikaacha kucheka. Nikainuka, nikamweleza polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Nyundo ya zamani ilivuta hewa ovyo, nyingi au kidogo, hakuna aliyeihesabu. Hii mpya ina kompyuta inayopima kila pumzi, na tayari ina karatasi yake ya kuzuia vumbi. Ukiongeza soksi iliyolowa juu yake, vumbi linaganda, mafuta yanadondokea karatasi, na injini ikipata moto na kutaka hewa nyingi, inakosa. "Mama, haukukosa kitu," nikamwambia. "Ulifanya vile Tata Étienne alifanya, na ye alikuwa na haki. Ila hii ilizaliwa na soksi yake mwilini."

Ndipo akacheka. Akacheka na kulia pamoja, akalifuta tangi kwa ileile soksi, akakumbuka, akaificha tena. "Basi iko muzima?"

"Iko muzima kabisa."

"Tata Kalenga, na weye Solange." Uso wake ukawa wa mkunga anayetoa amri. "Crispin asisikie hii maneno. Mutoto mwanaume hawezi kusikia habari ya collant ya mama yake." Tukakubali. Solange akafuta njia yote ya hewa, akatia chujio jipya, tukanywa chai.

Jumapili Crispin alikuja kweli, bado yuko na suti ya misa. Solange alikuwa kanisani na kwaya yake, nilikuwepo mimi tu. Alinisalimia vizuri, kwa mikono miwili. "Tata Kalenga, nasikia mulitengeneza. Ugonjwa ilikuwa nini?"

Nikamwangalia mama yake. Mama yake akaangalia mawingu.

"Hewa," nikasema.

"Hewa tu?"

"Hewa tu."

"Tata, heshima yote, lakini hiyo iko jibu ya muganga, si ya mécanicien." Alikuwa na haki, kijana wa watu. Mhandisi anataka sababu, na sababu ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku la nguo. Crispin akamgeukia mama yake, akanyoosha mkono. "Mama, hata kama haikuzima tena, niliogopa wiki yote. Unipatie funguo, tuishe."

Mama Honorine alikuwa anafunga kitambaa kichwani, juu yake akavaa casque yake, kofia ngumu ya pikipiki. "Minaenda ku Kipushi, minarudia. Injini itapata moto, itapanda, itashuka. Kama inazima, funguo iko yako, na bintu yangu yote utapakia leo. Kama haizime, haunisemeshe tena juu ya Karavia. Na usinifuate na motokari!" Akabonyeza kwa kidole. Du, du, du. Akaondoka, na vumbi likamfunika.

Tulingoja kwenye mlango wa lupango, mimi na Crispin, na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kati yetu, ambayo hakuigusa. Kila baada ya muda alitoa simu, akaitazama, akairudisha. "Tata, siko mutoto mubaya," akasema mwishoni. "Simu ikilia tu, moyo inasema ni ye. Ninaogopa." Nikamwambia najua. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa naogopa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na hakuna chuma ambacho nimewahi kukiamini mpaka kirudi.

Hakurudi upesi. Aliyekuja kwanza ni mwanaume mmoja, anakimbia, shati wazi, anahema mpaka hawezi kusema. "Mama mukunga iko? Muke yangu... uchungu imefika. Maji ilitoka."

Crispin alisimama hapohapo, akatoa funguo za gari. "Panda. Tumukamate, tumupeleke ku hôpital."

"Motokari haifike kule, papa. Mvua ya mwaka jana ilikata njia. Ni pikipiki tu." Akashika kichwa. "Mama iko wapi?"

Crispin aliangalia barabara. Mimi niliangalia barabara. Ilikuwa tupu, joto linacheza juu yake, na sisi watatu tumesimama pale bila faida yoyote kwa mtu.

Niliisikia kabla yao, nakiri kwa kujivuna. Kwanza nilidhani ni damu yangu masikioni. Kisha ikawa yenyewe, kwa mbali, nyuma ya vichuguu: du, du, du, du. Haikohoi. Haikazani. Ilipotokea kwenye kona ilikuwa na vumbi mpaka rangi ya kijani haionekani, na Mama Honorine juu yake amenyooka, weupe wa macho tu unang'aa. Nilitaka kupiga makofi kama mtoto.

Alisimama mbele yetu, injini hakuizima. Yule mwanaume alimwambia kwa maneno matatu, naye akauliza swali moja tu: "Mimba ya ngapi?" "Ya kwanza, mama." "Panda."

Crispin bado alikuwa amenyoosha mkono, sijui kwa mazoea au alisahau kuushusha. Mama yake aliuangalia.

"Hiyo mukono," akasema, "leta nayo sakoshi yangu ya kazi. Iko nyuma ya mulango. Mbio, baba!"

Na mhandisi, na suti yake, akakimbia. Akatoka na ule mfuko, akaufunga mwenyewe nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, akavuta kuhakikisha, akavuta tena. Mama hakumngoja amalize mara ya tatu. Wakaondoka, yule mwanaume ameshika kiti kwa mikono miwili, miguu inaning'inia, kichwa wazi kwenye jua.

Crispin aliwaangalia mpaka mlio ukaingia kwenye mihogo na kupotea. Alijipangusa vumbi la suti, akaacha, akaona haina maana. Nilingoja aniulize tena ile habari ya hewa. Hakuuliza.

"Yule papa hakuvaa casque," akasema. "Mama iko na moja tu. Kesho nitamuletea ya pili, ya bale bantu anabebaka nyuma."